Mbona mdogo kachomwa sindano moja tu, dada yake alichomwa mbili?

"Daktari shikamoo. Nina mabinti wawili. Mkubwa alichomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni akiwa na miaka 14, mwaka ule ule ilipoanza, akachomwa mara mbili. Mdogo ana miaka 11, wamekuja shuleni kwao wamemchoma mara moja wakasema imeisha hiyo, hakuna kurudi. Kwenye grupu la familia shemeji yangu katuma voisi anasema wamepunguza dozi kwa sababu misaada imekatwa na chanjo hazipo, mwingine anasema ndo wanatujaribia watoto, na kwamba inaharibu kizazi. Baba yao naye hataki kusikia, anasema mtoto wa darasa la tano unamchanja ugonjwa wa ngono ili iweje. Nimeulizia hospitali binafsi wanaweza kumchoma ya pili kwa hela. Nimlipie? Na mimi mwenyewe nina miaka 43, mama yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa huo huo, sijawahi kupima wala kuchanjwa. Nimechelewa?"

Marahaba mama. Umeuliza mengi lakini naona hofu kubwa ni moja, kwamba mdogo kapunjwa, dada yake kapewa kamili yeye kapewa nusu. Na hiyo hofu inaeleweka, maana miaka yote sisi madaktari tumewafundisha kwamba ukipewa dawa ya siku saba ukaishia siku ya tatu umeharibu, sasa leo tunakuja na sindano moja badala ya mbili tunasema sawa tu, lazima mzazi ashtuke. Naanza na hilo. Ila nakuomba usiishie katikati, maana lile swali lako la mwisho, ulilolichomeka pale chini kama vile halina uzito, ndo lililonifanya nikae nikujibu kwa kirefu.

Mdogo hajapunjwa. Sindano moja kwa mtoto wa miaka 11 mwenye afya ya kawaida ni chanjo kamili.

Shemeji yako kachanganya tarehe. Misaada imekatwa 2025. Shirika la Afya Duniani lilishasema Desemba 2022 kwamba dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20, na sisi Tanzania tukahamia dozi moja Aprili 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uingereza walihamia Septemba 2023, Australia mwaka huo huo mwanzoni, na hao hawakuwa wanasubiri msaada wa mtu. Sasa nisiwe muongo, kuna kipande cha ukweli kwenye hiyo voisi. Miaka ya 2019 mpaka 2021 hivi chanjo hii ilikuwa adimu dunia nzima, nchi nyingi maskini zilikuwa zinasubiri foleni, na uhaba huo ulikuwa sababu mojawapo ya watu kuuliza kwa nguvu, je ni lazima mbili? Lakini kuuliza swali kwa sababu ya uhaba ni kitu kimoja, na jibu lililopatikana ni kitu kingine, jibu lilikuja kwenye tafiti na nataka nikusimulie kidogo zilivyokuwa maana mbili kati ya hizo zimefanyika hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Ilianza kama bahati mbaya. India walikuwa na utafiti mkubwa, wasichana zaidi ya 17,000, wengine wapewe dozi mbili wengine tatu. Mwaka 2010 serikali ikasimamisha uchanjaji kwenye tafiti zote za chanjo hiyo, kwa hiyo wasichana maelfu wakabaki na dozi moja tu mkononi. Watafiti hawakuwatupa, wakaendelea kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka wakitegemea kuona kinga inaporomoka. Haikuporomoka. Baada ya miaka 10 hivi waliochomwa moja walikuwa wamelindwa dhidi ya maambukizi sugu, yale yanayokaa mwilini bila kuondoka, ya aina mbili mbaya zaidi za HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, yaani namba 16 na namba 18, kwa kama asilimia 95, karibu sawa kabisa na waliochomwa mbili au tatu. Costa Rica nako kulikuwa na wanawake ambao kwa sababu zao hawakurudi kumalizia dozi, nao wakafuatiliwa zaidi ya miaka 10, kingamwili zao, yaani walinzi ambao mwili unatengeneza dhidi ya kirusi, zikawa bado zipo pale pale.

Sasa mtu mwenye akili angesema hizo ni ajali, hazikupangwa, huwezi kubadilisha sera ya dunia kwa ajali. Ni kweli. Ndo wakenya wakaingia. Kuanzia 2018 timu iliyokuwa na Profesa Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliandikisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Kisumu, Thika na Nairobi, wengine wakapewa dozi moja ya chanjo hii na wengine wakapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwanza, halafu hii wakaja kupewa baadaye, hakuna aliyeachwa bila. Hao walikuwa tayari wameshaanza kujamiiana, yaani wako kwenye hatari ya kweli. Baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5, na walipofuatiliwa hadi miaka mitatu namba hazikushuka. Mwanza nako kulikuwa na utafiti wa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, umri wa binti yako mdogo kabisa, wakagawanywa, dozi moja, mbili, tatu. Miaka miwili baadaye waliochomwa moja zaidi ya asilimia 97 bado walikuwa na kingamwili za 16 na 18. Halafu mwishoni mwa 2025 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine wa Costa Rica, huu wa kupangwa, wasichana zaidi ya 20,000, miaka mitano, dozi moja haikuzidiwa na mbili.

Kwa hiyo huyo mwingine wa kwenye grupu anaposema "wanatujaribia", mwambie majaribio yalishafanyika, watu wakaelezwa wakasaini, na yakaisha. Mtoto wako hakuwa jaribio, mtoto wako kavuna.

Kuna kitu kimoja lazima nikuambie hata kama hakitakufurahisha. Kule Mwanza waliochomwa dozi moja walikuwa na kiwango cha kingamwili kilicho chini kuliko waliochomwa mbili au tatu. Ni chini kweli, sio kidogo. Na hizi tafiti za dozi moja zimepima maambukizi sugu, hazijapima saratani yenyewe, maana saratani hii inachukua kama miaka 15 hadi 20 kutoka siku kirusi kinaingia, ungesubiri kuhesabu wagonjwa ungekuwa umezika kizazi kizima. Kinachotupa moyo ni kwamba bila maambukizi sugu saratani hii haipati pa kuanzia. Na kuna Scotland, walianza kuchanja 2008, Januari 2024 wakatoa taarifa kwamba kwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hawajaona hata mgonjwa mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi, sifuri, na humo wamo ambao hawakumaliza dozi.

Sasa inakuwaje kiwango kiwe chini na ulinzi uwe ule ule? Hapa ndo pazuri, vumilia kidogo.

Chanjo hii haina kirusi ndani. Ina ganda tu. Kirusi cha HPV kimevaa ganda lililojengwa kwa protini ya aina moja iliyorudiwa mara 360, zimejipanga kwa mpangilio mmoja kama vile miiba ya ganda la fenesi, ukitazama upande wowote ni kitu kile kile kimejirudia. Watengenezaji wanatengeneza hiyo protini peke yake, inajipanga yenyewe kuwa ganda, ndani tupu, hakuna vinasaba, hakuna kitu cha kuzaliana. Mwili wa binadamu ukiona kitu kimejipanga hivyo unakichukulia kwa uzito mkubwa sana, maana vitu vya mwili wetu wenyewe havina mpangilio wa namna hiyo, ni wadudu ndo wako hivyo. Kwa hiyo kwa mguso mmoja tu unatengeneza seli za kutoa kingamwili zile za kudumu, zinaenda kukaa kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kufanya kazi miaka na miaka. Chanjo nyingine nyingi hazina bahati hiyo ndo maana tunarudia rudia. Kingamwili zinapanda, zinashuka miezi ya mwanzo, halafu zinatulia kwenye usawa mmoja na kubaki hapo.

Na huo usawa unatosha kwa sababu kirusi chenyewe ni kizembe kuingia. Kinahitaji kakwaruzo kadogo kwenye ngozi laini ya mlango wa kizazi, kikishafika hapo kinang'ang'ania chini ya kakwaruzo masaa kadhaa kabla hakijaingia kwenye seli, na ule ule mkwaruzo unavujisha majimaji ya damu yenye kingamwili. Yaani kinakuja kusimama mlangoni pale pale ambapo walinzi wanapita. Hawahitajiki walinzi wengi.

Wapo ambao dozi moja haiwatoshi na hili lisikilize vizuri. Mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi, au anayetumia dawa za kushusha kinga labda kapandikizwa figo, huyo anatakiwa kupata dozi zisizopungua mbili na ikiwezekana tatu, kwa sababu mwili wake haujengi kinga kwa nguvu ile. Kama mdogo yuko kwenye kundi hilo, au huna uhakika, usimalizie na mimi hapa, nenda kliniki anakohudumiwa ukaulize, ongea na muuguzi pembeni bila kumtangazia mtu. Na aliyeanza kuchanjwa akiwa na miaka 21 na kuendelea naye ni dozi mbili.

Kama hayumo humo, je umlipie ya pili? Haitamdhuru. Dada yake alipata mbili na yuko salama. Lakini mimi ningekuwa wewe hiyo hela nisingeitoa hapo. Utafiti hauoneshi kwamba ya pili itamuongezea ulinzi wa kuonekana, na hiyo hela ina kazi nyumbani kwako, nitakuambia kazi gani.

Kuhusu kuharibu kizazi. Hii stori inazunguka kila chanjo inayochomwa wasichana, Kenya mwaka 2014 ilikuwa pepopunda, leo ni hii. Sikulaumu kuogopa, kizazi cha binti sio kitu cha kuchezea, na mama anayeuliza kabla hajakubali ananipa raha kuliko anayekubali tu kwa sababu daktari kasema. Chanjo hii haina homoni, haigusi mayai, haigusi mfuko wa uzazi. Rwanda walianza nchi nzima 2011, wa kwanza Afrika, wakachanja zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa mwaka ule wa kwanza, wale watoto sa hivi ni wanawake wa miaka 26, 27, wanazaa kama wenzao. Kinachoharibu kizazi nakijua kwa sababu nakiona, ni saratani yenyewe. Tukiikuta imesogea tunaondoa mfuko wote wa uzazi, au tunachoma mionzi na mayai yanakufa, na nimeshawahi kumwambia dada wa miaka 31 ambaye hajapata mtoto hata mmoja maneno hayo. Sitaki kurudia.

Madhara ya kweli ya sindano yapo, mkono kuuma siku moja mbili, homa kidogo, kichwa. Wasichana wa umri huo pia huwa wanazimia wakichomwa, na mmoja akianguka wenzake watatu wanamfuata, sio sumu, ni woga na kusimama kwenye foleni hawajanywa hata chai. Ndo maana tunawakalisha dakika 15. Mzio mkali unaweza kutokea ila ni nadra sana na hizo dakika 15 ndo kazi yake nyingine.

Baba yao sasa. Naomba usibishane naye kwa nguvu, mwambie hivi kwa lugha ya mtu mzima. Chanjo hii haitibu kirusi kilichoshaingia, inazuia tu kisiingie, kwa hiyo lazima itangulie. Ukisubiri binti aolewe ndo umchanje umefunga banda ng'ombe ameshatoka. Hata binti aliyejitunza mpaka ndoa, akaolewa na mume mmoja, kirusi kinaweza kuja na huyo mume bila yeye mwenyewe mume kujua, maana kwa wanaume mara nyingi hakioneshi dalili yoyote, na kondomu inapunguza tu, haifungi kabisa, kwa sababu kinapita ngozi kwa ngozi. Wengi wetu tulioingia kwenye ndoa tumeshawahi kukutana nacho, mwili ukakifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili bila sisi kujua. Ni wale wachache ambao hakikuondoka ndo wanaumwa. Kwa hiyo kuchanja hakumwambii mtoto aanze chochote. Na umri huo wa 9 hadi 14 mwili unajibu chanjo kwa nguvu kuliko ukubwani, darasa la tano sio mapema, ndo wakati wake.

Kuhusu binti mkubwa sina wasiwasi, mbili alizopata zinatosha, asiongeze kitu. Ila namba 16 na 18 zinabeba kama asilimia 70 ya saratani hizi duniani, sio mia, kwa hiyo akifika umri wa kupima naye apime. Mwambie sa hivi asije akadhani kuchanjwa kumemuondoa kwenye foleni ya kupima.

Haya, wewe.

Umeniuliza umechelewa? Kwa chanjo, kwa kiasi kikubwa ndiyo, kwa miaka 43 faida yake kwako ni ndogo na mimi nisingekushauri uuze kitu uinunue. Kwa kupima hujachelewa hata kidogo, uko katikati kabisa ya umri wa kupima. Hapa kwetu tunapima wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanaanza 25 kwa sababu kwao hatari ni kama mara sita na ugonjwa unaweza kukimbia ndani ya miaka 5 hadi 10 tu. Wewe umeandika habari za mdogo mistari kumi na habari zako mstari mmoja. Naona hivi kila wiki, mama anakuja kamshika binti mkono kwa ajili ya chanjo, ukimuuliza yeye kapima lini anacheka anasema mimi mzima daktari. Tanzania inakadiriwa zaidi ya wanawake elfu 10 wanaugua saratani hii kila mwaka na zaidi ya elfu 6 wanakufa, na hao sio watoto wa miaka 11, ni watu wa umri wako. Chanjo ya mdogo inamlinda mdogo. Haikulindi wewe.

Kuhusu mama yako mdogo, pole sana. Hii saratani hairithiwi kwa namna ya kusema kwenu mnayo kwenye damu, kwa sehemu kubwa ni kirusi, kwa hiyo usikae ukisubiri zamu yako.

Kupima kwenyewe ni kwepesi kuliko unavyodhani. Kwenye vituo vingi vya serikali ni bure, unaulizia kliniki ya afya ya uzazi. Unalala kitandani kama unavyopimwa ukiwa mjamzito, muuguzi anaweka kifaa cha kufungulia njia ili auone mlango wa kizazi, anapaka siki, ndiyo siki ile ile nyepesi ya jikoni, anasubiri kama dakika moja. Seli zilizoanza kubadilika zinageuka nyeupe. Zikiwa nyeupe haimaanishi una saratani, tafadhali lishike hili, inamaanisha kuna kitu ambacho kikiachwa miaka mingi kinaweza kuwa saratani, na mara nyingi wanakigandisha au kukichoma kwa joto siku hiyo hiyo unarudi nyumbani kupika. Uzuri wa kupima kwa siki ni haraka na rahisi, ubaya wake unategemea sana jicho la anayetazama, na ukishakoma hedhi hakitufai sana kwa sababu sehemu inayotakiwa kutazamwa inajificha ndani. Kipimo bora zaidi ni kile cha kutafuta kirusi chenyewe, unaweza hata kujichukulia sampo mwenyewe kwa kibrashi nyuma ya pazia, ukikutwa huna unakaa miaka 5 mpaka 10 ndo urudie. Hakijafika kila mahali bado. Ile hela ya sindano ya pili ya mdogo, kama mahali ulipo kipimo cha kirusi kipo cha kulipia, ndo kazi yake hiyo. Kama hakipo nenda kapakwe siki bure, usisubiri kizuri zaidi.

Nenda ukiwa huna hedhi, na usijisafishe ndani siku hiyo kwa kudhani utamuaibisha muuguzi, unafuta kile anachotafuta.

Yote haya ni kwa mtu asiyeona dalili. Kama unatokwa damu baada ya kujamiiana, au damu inakuja katikati ya mwezi wakati sio siku zako, au uchafu ukeni wenye harufu ambao umeshatumia dawa mara mbili tatu haukomi, au kiuno na mguu mmoja vinauma na mguu unavimba, hapo usiende kwenye siku ya kupima wanawake wasio na dalili, nenda umuone daktari wiki hii hii na useme dalili yako wazi, usiseme tu "nimekuja kucheki". Anaweza kuhitaji kukata kanyama kadogo kwenda kupimwa. Na ukipewa dawa za fangasi bila mtu kukutazama ndani, omba utazamwe, ni haki yako.

Kadi ya mdogo waliyompa shuleni itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, imeandikwa tarehe ya chanjo, akihama shule au mkihama mkoa ataulizwa. Na huyo mama mdogo aliyefariki kama ameacha mabinti waliofikisha miaka 30, wapigie simu muende wote siku moja.